Kati ya Mlio na Mlio

Tarehe 3 Februari

Binti yangu mpenzi,

Injini sikuiuza. Ninaliandika hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitajificha humo kama nilivyozoea. Ile injini ya mashine ya kusagia nafaka, ambayo niliwaapia wewe na mama yako kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu ameichukua, ipo stoo ya nyuma. Alichochukua ni kinu na mkanda. Injini imekaa chini ya turubai miaka yote hii, na tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikiifufua.

Sasa salamu. Hujambo, mama? Mkwe wangu na wajukuu hawajambo? Mimi moyo umechoka. Daktari ameniambia kwa upole wa mtu anayefunga duka. Miguu imevimba, mkono unatetemeka, ndiyo maana mwandiko wa mwalimu mzima umekuwa wa darasa la kwanza.

Marehemu mama yako alijua. Alikuwa akileta chai, anaiweka mlangoni, anagonga, anaondoka. Hakuwahi kuingia wala kuniuliza.

Pistoni ilikuwa imegandana na silinda kwa kutu. Niliiloweka kwa dizeli, nikaigonga kwa kipande cha mti, kiangazi na masika, mpaka siku moja ikasogea upana wa ukucha. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Valvu nimezisugua, gasketi nimekata mwenyewe, plagi inatoa cheche. Kilichobaki ni kuzungusha hendeli ya kuiwashia, na hiyo siiwezi tena. Nakuomba uje uizungushe wewe.

Wako,
Baba


Tarehe 20 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, wajukuu wako wanakusalimu. Habari ya moyo imeniumiza. Tafadhali meza hizo dawa, usizipange dirishani kama askari wa gwaride. Nakujua.

Baba, nilikuuliza injini imekwenda wapi. Uliniangalia usoni ukasema, "Imekwenda kuyeyushwa, mwanangu." Neno hilo ndilo lililonipa usingizi. Nimelilalia miaka yote, kumbe nimelalia turubai.

Unajua nashona sare za shule kwa cherehani ya miguu hadi leo? Mume wangu aliniletea yenye mota, nikamwambia airudishe alikoitoa. Akaniuliza, "Mke wangu, unajivunia umaskini?" Ningemwambia nini? Kwamba kitu kinachozunguka chenyewe sitaki kukikaribia?

Ule mkanda uliposhika mkono wa shati la kaka, mimi nilikuwa nimesimama pale. Wewe ulikuwa shuleni unafundisha. Usiniombe nizungushe hendeli. Safari hii iuze kweli.

Mwanao


Tarehe 11 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, mama. Nimechelewa kujibu kwa sababu nililazwa. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi kama gunia tupu, lakini nimerudi.

Una haki ya kukasirika. Lakini niruhusu nijitetee. Kwanza, chuma hakina kosa. Kosa lilikuwa la mkanda usio na kizuizi. Pili, mstaafu asiye na kazi ya mikono huoza mapema. Tatu, injini za namna hii zimekuwa adimu, na ni dhambi kuiacha ife.

Cheche, yule kijana mchomeleaji wa jirani, hupita kunitania. Juzi alisema, "Mzee, wenzako wa umri wako wanafuga kuku."

Nikamwambia, "Kuku hawapigwi msasa."

"Lakini wanataga, mzee! Hili lidude lako litataga nini?"

Nikaokota msasa wangu, nikaendelea kusugua.

Unakumbuka ilivyokuwa ikifanya kazi? Nafaka ikijaa ilipiga mfululizo, mtu hasikii hata akiitwa. Ikipungua, injini ilipiga mara moja, kisha gurudumu likazunguka kimya, kimya, kimya, halafu ikapiga tena. Katika kimya hicho ndimo tulimozungumza. Tukazoea hivyo hata mezani: maneno manne, tunanyamaza, maneno manne. Wageni walidhani tumegombana. Na kaka yako, ambaye hatukumwita Chiriku bure, hakukosea hata siku moja. Alipachika utani wake mle ndani kama wewe unavyopachika vifungo.

Njoo, mama. Hata kama hutagusa kitu.

Baba


Tarehe 2 Mei

Baba,

Shikamoo. Pole sana kwa kulazwa. Ningeambiwa mapema ningekuja hospitali. Hapa hatujambo, ila shule zimefunguliwa na kila mzazi anataka sare yake jana.

Umenipa sababu tatu. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mtoto aliyechelewa akitoa sababu moja, asikilizwe. Akitoa tatu, anaokoteza. Unaokoteza, Baba.

Ngoja mimi nikupe yangu, nayo ni moja. Sihitaji injini ili nimsikie kaka. Namsikia nikipiga pasi. Namsikia maji yakichemka. Siku ile nafaka ilikuwa inaishia, mimi namimina gunia la mwisho, na yeye akaanza utani wake kama kawaida. Akasema, "We Kibonge, ukimaliza hilo gunia..." Mashine ikapiga. Akasubiri ipite, akageuka kunitazama ili amalizie. Aligeuka kwa ajili yangu, Baba. Hapo ndipo mkanda ulipomshika.

Sijawahi kumwambia mtu, hata mama. Mimi nimeshakuwa mtu mzima, mama wa watoto, lakini sauti yake haijazeeka hata siku moja, na mpaka leo nasubiri amalizie. Nikimaliza hilo gunia, nini? Nipumzike? Nimletee maji? Sasa unajua kwa nini siwezi kusimama karibu na kimya cha injini ile.

Niambie sababu ya kweli ya kuifufua. Ukiniambia, nitapanda basi siku hiyohiyo.

Mwanao, Kibonge


Tarehe 19 Mei

Kibonge wangu,

Hujambo, na wote hapo hawajambo? Mimi sitaeleza yangu. Mwandiko unakueleza.

Barua yako ipo chini ya mto. Kumbe umebeba nusu ya sentensi peke yako, tangu ukiwa mtoto, nami nikikuona msichana mkimya nikadhani ndivyo ulivyoumbwa. Hukumuua kaka yako. Aligeuka kwa sababu alipenda kukuchekesha. Angegeuka siku yoyote ile. Nisamehe kwamba umelisikia hilo leo, na kwa barua.

Sikuweza kukusubiri. Jumamosi nilimwita Cheche azungushe hendeli. Mara ya kwanza ikamrudi nusura imvunje mkono. Akatema mate viganjani. "Mzee, hiki chuma kina kiburi cha mwenye nyumba!" Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikashika.

Cheche akaruka ruka akipiga kelele, "Imetaga! Mzee, imetaga!" Nilicheka mpaka kifua kikaniuma. Kisha nikamwomba atoke nje, afunge mlango.

Nilikaa kwenye kigoda, mbali kidogo, mikono mapajani. Ilipiga, gurudumu likazunguka kimya, ikapiga tena. Ilikuwa ileile, mama. Kishindo kilekile, harufu ileile, hata stoo ilitikisika vilevile. Niliinamisha sikio kwenye kile kimya kama mtu anayebisha hodi. Nikasubiri. Maji ya kupozea yakaanza kutoa mvuke nami nimekaa palepale. Mwisho petroli ikaisha, ikazima yenyewe.

Nakumbuka utani wake wote, neno kwa neno. Nakumbuka alivyoinua nyusi kabla hajaanza. Ungeniuliza ni wapi hasa, kati ya mlio na mlio, alipopachika kila neno, ningekuonyesha kwa kidole. Nilidhani nikilitengeneza lile tundu la kimya likawa sawasawa, kilichokuwa kikikaa humo kitarudi. Mama yako alikufa bila mimi kuthubutu kumuuliza, kwa kuogopa aibu. Wala sijui kama chai ile mlangoni alikuwa akiileta kwa sababu jambo hilihili lilimpata na yeye.

Injini nimeshaifunika. Ukija, hutaisikia. Kaa tu kitandani karibu yangu, unisemee nusu ile ya sentensi kama alivyoisema yeye. Wewe unamsikia.

Uliniomba sababu moja, nami ninayo moja tu. Nimesahau sauti ya mwanangu.

Baba