Sanduku Langu na Laptopu ya Yav

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya yote nauliza habari za mguu wako. Ule uvimbe umeshuka, au bado unatembea kwa kushika ukuta? Na huko Musumba mvua imeanza? Sisi wa Kolwezi tunapumua. Mke wangu na watoto wanakusalimu, vumbi tu ndilo linalotukohoza.

Mama, nitasema wazi maana kuficha kunanichoma: nina wivu. Siku ile uliyopiga simu ukasema filamu ya baba yetu Tata ya kuondoa matanga aitengeneze mdogo wangu Yav, kwa kuwa laptopu yake ni mpya na nyembamba, nilikata simu nikasingizia mtandao. Mimi ndiye mwenye kibanda cha picha. Nusu ya mtaa wetu imeoa na kuzikwa ndani ya kompyuta yangu ya mezani. Na unajua siku hizi desturi yetu ni ipi: aliyeleta filamu ndiye anayesimama mbele ya jamaa na kumsemea marehemu. Kwa hiyo Yav asimame, mimi nikae na watoto?

Nikamwita aje kibandani tupime. Mashine zote mbili zina prosesa ya jina moja, hata namba kwenye kibandiko inakaribia kufanana, ndiyo maana watu wanadhani zina ubongo mmoja. Tukazipa kazi ileile, kipande cha Tata akivuna mahindi. Mwanzoni laptopu ilikimbia sawa na yangu, Yav akaanza kupiga miluzi. Nilitamani kuimwagia chai. Kisha ikapata joto. Prosesa ya laptopu imetengenezwa itumie umeme kidogo, halafu imebanwa mahali pembamba pasipo hewa. Ikichemka inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Yangu imekaa ndani ya sanduku kubwa, ina feni inayovuma kama mashine ya kusaga muhogo, kwa hiyo inapoa na kusonga mbele. Nilimaliza yeye akiwa bado njiani. Nilicheka mpaka mke wangu akaniambia inatosha.

Yav hakukasirika. Akasema: « Yaya, kaka yangu, mashini yako iko na nguvu, mi sikatale. Lakini iko na mizizi sawa muti. Siku courant ya umeme itakatika, utafanya namna gani? »

« Weye chunga yako isiungue, » nikamjibu.

Umekwisha kusikia kwamba mtaa wetu umeondolewa. Shaba iko chini ya vitanda vyetu, na mgodi unapanuka. Baruti ilikuwa imeshapasua kuta zetu, kisha wakaja watu kupaka msalaba mwekundu kwenye kila mlango. Yav akaniambia nipeleke sanduku kwake, kwa sababu mtaa wake haujaguswa na umeme upo. Mtu mwenye akili angekubali. Mimi niliona nitakuwa mgeni mezani kwa mdogo wangu, na jamaa wote wataambiwa filamu ya Tata ilitengenezwa kwa Yav. Nikakataa. Nikasema nitamaliza kabla ya katapila kufika.

Nilifika nusu, Mama. Asubuhi moja wakakata nyaya za mtaa mzima, nikabaki nimekaa mbele ya kioo cheusi najitazama uso.

Sasa tuko kwenye uwanja mpya nje ya mji, chini ya turubai, na hakuna nguzo hata moja ya umeme. Prosesa yangu yenye nguvu imegeuka meza. Mke wangu anaweka sufuria ya ugali wa bukari juu yake.

Basi Yav akaja na laptopu mgongoni. Kazi yangu nilikuwa nimeihifadhi kwenye flashi, akaichukua hapo nilipoishia. Alikaa juu ya gunia, akaiinua laptopu juu ya matofali mawili ipate hewa, akaendelea kwa betri. Ikiisha anapanda pikipiki kwenda kwake kuchaji, kisha anarudi. Ilikwenda kama konokono, nikafurahi. Lakini ilikwenda, nikanuna.

Alipomaliza akaniambia: « Yaya, ni weye utasimama kule Musumba. Mi nitakaa na batoto. »

Hapo ndipo aliponiudhi kabisa. Hata wema wake nauonea wivu.

Tena siwezi kuja. Anayetoka uwanjani hapa anarudi kukuta mwingine amepiga turubai lake mahali pake, na wenye mgodi hawataki kujua nani alitangulia. Kwa hiyo Yav ndiye anayekuja na lori la chumvi, na barua hii analeta yeye. Nimeibandika kwa gundi asiisome.

Nisalimie mjomba Nawej, fundi wetu wa kuezeka, umwambie hapa angepata kazi. Na tantine Ruwej, shangazi yetu wa muhogo mkavu, namkumbuka kila nikila.

Siku ya matanga Yav atasimama na watu wote watamtazama yeye. Sawa, mwache asimame, kazi ameifanya. Lakini wewe, Mama, tazama pale Tata anapovua kofia katikati ya mahindi, anapangusa jasho na kucheka. Pale ni katika nusu yangu.

Mwanao wa kwanza,
Kapend