Misumari Minne ya Remorki

Shemeji,

Nakuandikia nimeketi mlangoni mwa remorki, lile tela la dispensari, hapa karakanani kwetu Nyamianda. Magurudumu yameibwa, kuku wa jirani wametagia ndani, na milango ya kabati la dawa iling'olewa wakati wa uasi. Fremu ya mbele ya kabati bado imeshika. Nimeitikisa kwa mikono miwili, haikucheza.

Dada yangu hajambo, nikisema kwa mwili. Tulirudi kutoka Bujumbura mwezi uliopita. Majirani wa kwenu Kilibula wanamuuliza lini tutaondoa matanga yako, naye anageuza uso. Tulipofungua mizigo kule ukimbizini alikuta randa yako, patasi, msumeno, vyote ndani ya blanketi. Na wewe ulimuaga ukisema unafuata vyombo vya kazi.

"Vyombo iko hapa," akaniambia. "Mu karakana tupu alikuwa anamungoja nani?"

Tangu siku hiyo hakutaji jina. Anaamini ulikufa ukimsubiri mwanamke mwingine. Mimi najua ulifuata nini, na nimenyamaza miezi yote hii. Mwoga mimi, Shemeji.

Kabati lile tulilijenga kwa mvule, likae ndani ya remorki ya dispensari na kuwafuata wagonjwa wa bonde la Ruzizi. Tangu Mbelgiji mwenye karakana alipokuachia mwaka wa uhuru, sikukuona hata siku moja ukipiga msumari usoni mwa kabati. Fremu uliishika kwa nyuma: unatoboa mashimo ya mshazari kwa ndani, unapitisha skrubu, mbele hapaonekani kitu. Nilikutania kwamba unaficha skrubu kama bibi anayeficha sukari. Ulinijibu bila kuinua macho: "Weye, musumari iko ya kupigilia mabati. Njia ya Ruzizi iko mawe tupu. Remorki itatikisika, musumari itatoka, itapasua mukono ya infirmiye."

Siku ile watu waliposema waasi wako karibu, muuguzi, yule infirmiye wa dispensari, alikuja mbio, anataka remorki yake kesho asubuhi. Ulikuwa umekwenda kututafutia mtumbwi wa kutuvusha ziwa. Nilibaki na fremu moja ya mwisho, hiyo ya mbele. Skrubu nne tu, lakini kwako wewe hiyo ni kazi ya nusu siku. Nikachukua nyundo. Misumari minne kwa mbele, vichwa nikavifukia kwa nta na vumbi la mbao, nikajiona fundi. Jioni, tukifunga mizigo, nikakueleza huku nacheka. Uliendelea kukunja blanketi.

Asubuhi ulimwambia dada unafuata vyombo. Misumari hukuitaja. Ulijua angenisema mbele ya watoto, ukanisitiri. Sisi tukatangulia ufukweni kukungoja. Risasi zikaanza upande wa Nyamianda, mwenye mtumbwi akakataa kungoja zaidi, na mimi ndiye niliyemshika dada yangu asiruke majini. Jirani aliyekuzika amenieleza alivyokukuta: umelala humu ndani, umepigwa risasi, koleo mkononi, keekee yangu ya kutobolea pembeni.

Leo ndipo nimepata moyo wa kuitazama ile fremu. Misumari mitatu umeing'oa, ukainyoosha na kuiweka kwenye kopo, maana chuma hukutupa hata siku moja. Matundu umeyaziba kwa vijiti vya mvule. Kwa ndani nimepapasa nikakuta skrubu tatu, zimekaa sawasawa. Msumari wa nne umetoka nusu, umepinda.

Nimelia, Shemeji. Halafu nimekukasirikia. Ungeniacha na aibu yangu. Nani angeiona? Remorki yenyewe haikwenda kokote.

Nilipotulia nimeung'oa ule wa nne. Nimetoboa kwa ndani, polepole, nikapitisha skrubu. Skrubu moja tu, na nusu siku imekwisha kweli. Ungekuwepo ungepitisha kidole, ungeguna, usinisifu.

Sasa nakwenda Kilibula. Nakuahidi sitapita kwa mtu yeyote njiani, kwa sababu najijua, nitakaribishwa kiti na moyo utarudi nyuma. Saa hizi dada atakuwa anatwanga majani ya muhogo kwa sombe. Nitamwomba aweke mchi chini, nimpe misumari yote minne mkononi, nimwambie: "Dada, ni hii alifuata. Ni miye niliipiga." Akinifukuza, nitalala humu na kuku. Atakuwa na haki.

Lakini matanga yako yataondolewa, hata kama mimi nitakaa nje ya ua nikisikia tu. Na watoto wako nitawafundisha kutoboa kwa ndani, kama watanikubali.

Pumzika, Shemeji. Ulinificha vya kutosha.

Ni mimi, ndugu wa mke wako,
Kashindi