Mama Maria wa Picha ya Kioo

Jumatatu, 4 Agosti

Pasipoti saizi za wanafunzi asubuhi nzima. Umeme umekatika, umerudi. Mchana nimemaliza kazi ya parokia ya Handeni. Picha aliyopiga mmisionari wa zamani, iko kwenye kioo, siyo filamu. Sanamu ya Mama Maria kabeba mtoto, katolewa nje juani. Ndani ya kanisa kamera za enzi hizo zisingeona kitu. Sanamu yenyewe imeliwa na mchwa. Fundi anachonga mpya kwa kufuata picha yangu. Nakala ya kwanza nilimtumia wiki mbili zilizopita. Leo nimechapa kubwa ya ukutani.

Mwenyekiti wa kamati alitaka studio ya Dar. "Yule wa Korogwe ni wa pasipoti tu." Nililetewa maneno. Sijasahau. Studio hii nimeisimamisha mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Alhamisi, 7 Agosti

Handeni, kurudisha kioo na kupeleka picha kubwa. Bibi Agnesi, mkubwa kuliko wote pale, kaitazama picha, kacheka.

"Mwanangu, mtoto mmemhamisha! Alikuwa akitutazama sisi wanawake. Huyu anatazama wanaume."

Kanisani kule wanawake hukaa kushoto, wanaume kulia, tangu zamani.

"Bibi, tuamini picha au macho yako?" Mwenyekiti huyo.

"Macho yangu yalimwona kabla hujazaliwa."

Nikafungua mdomo kuitetea picha. Nikapapasa kioo, nikatafuta upande wa dawa, ule ulioshika picha. Nilikipiga picha kwa nyuma. Kushoto yote imekuwa kulia.

Fundi keshamchonga mtoto. Gogo la mninga ni hilo hilo moja. Nimesema mbele ya wote: kosa langu. Mwenyekiti anataka fundi asimamishwe, inunuliwe ya plasta Dar. Aibu tupu.

Ijumaa, 8 Agosti

Studio wazi, akili yangu haipo. Bibi Agnesi kapiga simu.

"Mama Studio, umeshakula?"

"Bado, bibi."

"Kula. Nimeongea na wenzangu. Fundi anaendelea. Sanamu haina miguu, sisi tunayo. Tutahamia kulia."

"Na wanaume?"

"Watajijua!"

Nimecheka hadi mteja kachungulia.

Jumapili, 14 Septemba

Imebarikiwa. Wanawake wote kulia. Wanaume walisimama mlangoni kidogo, wakaenda kushoto. Mwenyekiti wa mwisho.

Bibi Agnesi alinishikia nafasi. Nikakaa. Mtoto anatutazama.

Asante, Mungu, kwa bibi yule.