Kaburi Nililoliandika

Awindiri, Arua
Jumapili, 9 Oktoba 1988

Kaka yangu Mogga,

Pokea salamu zangu kabla ya yote. Kama uvimbe wa mguu wa mama umeshuka, na kama wewe na wifi Margarita mnalala bila homa, basi hata mimi huku ni mzima. Chakula kipo na masomo yanaendelea. Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha shule, ili usome mwenyewe bila kumpa mtu akusomee. Tafadhali soma ukiwa peke yako.

Hapa Awindiri siku za shule hupita haraka, ila Jumamosi na Jumapili ni ndefu. Wenzangu wengi wana watu wao Adumi. Huenda Ijumaa na kurudi na karanga za kukaanga na habari za nyumbani. Mimi nabaki na chumba. Driciru, ninayekaa naye dawati moja, ananiita Wakili wa Koboko na kuniuliza nitamfunga lini kwa kuazima penseli yangu. Mara moja alinialika kwao, nikakataa, na sasa haniulizi tena.

Jina hilo la wakili limetokana na Mzee Onzima, yule mwanasheria mwenye ofisi karibu na soko. Baada ya masomo nanakili barua zake kwa mkono, naye ananifundisha. Karatasi ya kwanza niliyomwandikia ilihusu ng'ombe walioharibu shamba la mtu. Nilianza kwa unyenyekevu mkubwa, nikarudia unyenyekevu huo mara tatu, kisha nikasema ng'ombe waliingizwa shambani. Akanirudishia, akauliza aliyewaingiza ni nani, upepo? Tangu hapo naandika jina la mtu, siku, na kile ambacho jicho liliona. Mzee anasema msomaji akishaona jambo, huna haja ya kumbembeleza aliamini. Ni kweli, kaka. Nimejaribu na nimeona nguvu yake, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Unakumbuka Agosti, nilipokuja likizo, uliniomba niandike maelezo yetu ya kesi ya shamba la bondeni, lile analolima Mama Paska. Ulikuwa umeiambia kamati ya RC, baraza la kijiji, kwamba mwaka 1983 baba alirudi kufia nyumbani, na kwamba lile rundo la mawe ulilolipanga pale ndilo kaburi lake. Ukaniambia niweke mstari mmoja tu: kaburi la baba yetu liko bondeni. Ulisema hakuna kamati itakayomwondoa mtu kwenye kaburi la baba yake, wala hakuna wa kubisha, maana mwaka ule karibu Koboko yote ilikuwa ukimbizini, hata mwenyekiti mwenyewe.

Sikuandika mstari mmoja. Niliandika ukurasa mzima, na nikausoma mwenyewe mbele ya watu. Kwamba ilikuwa Jumanne. Kwamba mvua ilinyesha asubuhi ikalainisha udongo, na wanaume wanne wakachimba kwa majembe mawili, wakipokezana. Kwamba baba alifunikwa shuka la buluu lenye pindo la njano na kiraka kwenye kona. Nilipoinua macho, wazee wawili walikuwa wamevua kofia.

Mama Paska alikuwa amekaa upande wa pili. Hakubisha habari ya mipaka. Aliniangalia, akasema, “Kiden, hiyo shuka iko ya nani?” Mwenyekiti akamwambia ajibu mambo ya shamba, ya shuka aache. Akauliza tena polepole, kama mtu anayemwuliza mtoto wake. Mtu mmoja nyuma akasema huyu mama anataka kurithi mpaka nguo za maiti, na watu wakacheka. Mimi nikakunja karatasi yangu. Kamati ikaamua kwamba akishavuna ufuta wake atoke. Wewe uliniinua juu kama mtoto mdogo, na jirani wakasema msichana huyu ana mdomo wa serikali. Kesho yake nikapanda gari kurudi Arua, na tangu siku hiyo sijaandika kitu kikanipendeza.

Kaka, shuka lilikuwa lake.

Wewe na mama mlikimbilia Zaire, mimi na baba tukaangukia Sudan, kwa hiyo hamkuona. Yote niliyosoma yalitokea, ila hayakutokea Koboko. Yalitokea kambini, mwendo wa nusu siku kutoka Yei. Nilimbeba baba kwa maneno nikamlaza pale ulipotaka wewe. Mama Paska alimnywesha uji miezi mitatu, alimwosha alipokufa, na shuka lile ndilo alilokuwa akijifunika na watoto wake. Baba alimwambia, nami nikisikia, kwamba tukirudi nyumbani alime bondeni maisha yake yote. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, lakini nilisikia.

Mstari wako mmoja ungeulizwa maswali. Ukurasa wangu haukuulizwa. Kwa hiyo sikulaumu wewe. Uongo ulikuwa wako, lakini mimi ndiye niliyefanya uaminiwe.

Ijumaa nilimpa Sule, dereva wa pikapu ya Koboko, barua ya kumpelekea mwenyekiti, na jana alirudi akasema ameifikisha mkononi. Ni nusu ukurasa. Nimeandika baba amezikwa wapi, nani alimwuguza, na alisema nini. Nimeandika pia kwamba shamba la juu, lile tunalolima wenyewe, ni letu tangu babu, na jambo hilo halihitaji kaburi. Nimetia sahihi yangu peke yangu, na hakuna mahali nilipokutaja. Nimeomba wanisikilize kwenye kikao cha Jumamosi tarehe 22. Nitafika Ijumaa. Kama hutaki nilale kwako nitaelewa. Masista wa misheni watanipa mahali.

Jambo moja la mwisho. Tangu turudi hujaniuliza hata siku moja baba alikufaje, nami nilikuwa nangoja uniulize. Ulisikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu, tena pamoja na uongo, na hilo linaniumiza kuliko kesi. Basi sikia tena. Yuko upande wa kulia wa njia ya kuteka maji, kaburi la tatu, kichwa kikielekea nyumbani. Usiku wa mwisho hakuwa na maumivu mengi. Alitaja jina lako mara mbili, akaniuliza kama una viatu. Sikujua, lakini nilimwambia unavyo, naye akalala. Njia ya Yei ikifunguka, mimi ninaijua.

Mwambie mama nimepata dawa ya mguu wake, nitakuja nayo. Msalimie wifi Margarita na jirani wote wanaoniulizia, na kama utakutana na Mama Paska njiani, msalimie yeye pia.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Rosa Kiden