Fabien na muuaji mwenye masharubu

Godelive, Fabien ametupatisha haya leo kwenye banda la video hapa kambini.

Anatutafsiria filamu ya Kihindi, ya mpelelezi mwenye kutafuta muuaji wa banamuke. Tangu mwanzo anatuambia mwenye masharubu njo muuaji. Bamama banamulaani.

Kumbe nyuma kuna Muhindi mwenye duka Lilongwe. Akasimama, akasema kwa Kichewa, "Huyo njo mpelelezi."

Huyo njo mpelelezi, Godelive!

Fabien akamuuliza, "Wewe Kihindi ulijifunzia wapi?"

"Kwa mama yangu."

Mi nikaangalia chini. Bantu bote bakamwambia Muhindi anyamaze, Fabien aendelee.

Akaendelea. Mwishoni serikali ikamuvalisha muuaji medali.

Mama Irangabiye, mwenye alikimbia vita kwao, akapangusa macho. "Hata kwetu ilikuwa vilevile," akasema.