Wakariri wa Baraza Yetu

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Wameanza tena. Jua la alasiri limefika kizingitini na wao wako barazani, vitabu mapajani, wanayumba mbele na nyuma. Leo ni mito. Mto huu unaanzia hapa, unamwaga maji pale. Wote kwa sauti moja. Baba anashona, mguu kwenye cherehani, anawasikiliza na kufurahi, kwa sababu kwake yeye kelele ndiyo elimu.

Mimi niko nyuma ya dirisha nachagua mchele. Niko darasa moja nao, la nane. Msichana pekee aliyebaki. Wenzangu wamewekwa ndani au wameolewa. Barazani sina nafasi, na hata ningepewa nisingeitaka.

Kaka yangu Athumani ndiye anayepaza sauti kuliko wote. Alirudia darasa, ndiyo maana niko naye darasani. Wakati wa chakula nimemuuliza: mto huo unafurika miezi gani, na kwa nini? Akasema hapo bado hawajafika. Hawatafika. Kila siku wanaanza ukurasa wa kwanza.

Alhamisi, 6 Septemba

Nasoma baada ya alfajiri, kabla ya kwenda kisimani, kichwa kikiwa bado changu. Ukurasa mmoja tu. Nafunga kitabu. Halafu naandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko yale niliyobaki nayo. Yaliyokosekana ndiyo nisiyoyajua, na hayo tu ndiyo ninayoyarudia. Naanza na ninachokichukia, yaani hesabu za sehemu, kwa sababu nikikiacha mwisho sitakigusa. Jioni mama anaufuta mlango huku ananung'unika. Basi. Hakuna uchawi. Usiku nalala.

Wao wanajisifu kukesha. Mmoja anatia miguu kwenye beseni la maji asisinzie. Kisha anakuja kusinzia darasani, mdomo wazi, mbele ya mwalimu anayeeleza jambo ambalo hatalirudia. Angelala kwao na kuamka shuleni. Lakini huwezi kumwambia hivyo mtu anayeona mateso ni bidii.

Ijumaa, 14 Septemba

Nina hasira hata kalamu haishikiki.

Asubuhi wamekuja watu wa Mapinga na kishika uchumba, doti mbili za kanga. Kijana wao ana shamba la minazi na meno mazuri. Hayo meno nimeambiwa na kila aliyeingia jikoni. Mama alizikunja kanga, akaziweka sandukuni.

Baada ya sala ya Ijumaa baraza ikajaa. Wazee na vikombe vyao vya kahawa, wakariri ukingoni. Mzee mmoja akamuuliza baba kama ni kweli mwalimu mkuu anataka nipelekwe shule ya wasichana ya bweni huko bara. Baba akacheka. Nilikuwa nyuma ya mlango.

"Zuhura akishika namba moja namwachia aende, na kanga za Mapinga nazirudisha. Akiwa wa pili, namwoza."

Wakacheka wote. Namba moja wa darasa letu ni Faraji, mtoto wa dresa wa hospitali, tangu tulipoingia darasa la tano. Mji mzima unajua. Ndicho kilichowachekesha. Baba hakunipa nafasi, amenifanyia mzaha mbele ya watu, na Faraji mwenyewe ameketi pale anatazama vidole vyake vya miguu.

Sawa. Yeye amesema kwa mzaha. Mimi nimepokea bila mzaha.

Jumatano, 26 Septemba

Athumani amekuja jikoni akiwa mpole. Mtihani wa majaribio amepata alama za kusikitisha. Anataka nimfundishe, ila wenzake wasijue. Nimemwambia wenzake watajua, kwa sababu bei yangu ni maji. Yeye ndiye atakwenda kisimani asubuhi, mimi nibaki na kitabu. Alidhani natania. Mama akasema, bila kugeuka, kwamba debe liko nyuma ya mlango.

Jumamosi, 29 Septemba

Leo alipita mbele ya baraza na debe begani. Wenzake wamecheka mpaka wameangusha vitabu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuvifungua kwa ukurasa mwingine.

Jumanne, 2 Oktoba

Ni mzito. Nikimwambia afunge kitabu aniambie alichosoma, anaanza kuyumba. Nimemkataza kuyumba. Asipoyumba hana neno.

Lakini leo ameuliza swali la kijinga. Tulikuwa kwenye kugawanya sehemu kwa sehemu. Nikamwambia pindua ya pili, zidisha. Akauliza kwa nini tunapindua. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akanitazama, akasema hata mimi basi nakariri.

Nimemfukuza jikoni. Nimekaa na hilo swali mchana kutwa, wali ukashika chini, mama akanisema. Mwisho nilichukua mapapai matatu nikayakata nusu nusu. Tatu gawanya kwa nusu ni kuuliza nusu ngapi zimo ndani ya matatu. Zimo sita. Jambo jepesi namna hiyo. Miaka minne nimekuwa nikipindua kama wao wanavyoyumba, na nikajiona bora.

Nimemwita nikamwonyesha mapapai. Akaelewa mara moja, tena akala mawili. Nimechukia kwamba alikuwa na haki ya kuuliza.

Jumatano, 17 Oktoba

Maulidi. Jana mpaka leo ni masufuria ya pilau na moshi. Nimejiuliza historia yote huku nakoroga. Wakariri wamesomewa dua msikitini, kila mmoja ana hirizi shingoni. Aliyekuwa wa mwisho mtihani wa majaribio ana mbili.

Jumapili, 4 Novemba

Faraji. Lazima niandike juu yake, kwa sababu ndiye ukuta wangu.

Hana akili. Ana kumbukumbu. Ni vitu viwili, na hakuna hata mwalimu anayeviona hivyo. Anakisoma kitabu mara mbili na kinaingia chote, pamoja na namba za kurasa na makosa ya mchapaji. Juzi mwalimu alimsimamisha aseme somo la wiki iliyopita. Alifumba macho, akayumba, akalisema lote, mpaka pale mwalimu alipopiga chafya na kuomba radhi. Darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga. Mwalimu alipomuuliza yale maneno yana maana gani, akayarudia polepole.

Hii ndiyo namba moja ya Bagamoyo. Ghala limejaa na mwenyewe hajui kupika. Nikishindwa na mtu huyu nitaolewa Mapinga kwa sababu ya chafya ya mwalimu.

Jumatatu, 12 Novemba

Mtihani umeanza leo.

Kabla hatujatoka, Athumani aliandikiwa kombe. Sheikh aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, mama akaiosha kwa marashi ndani ya bakuli, Athumani akanywa barazani huku baba amemshika bega. Mimi sikuandikiwa. Sikutaka. Mwenye kujua hahitaji kunywa wino, hivyo ndivyo nilivyojiambia nikiwa nimesimama na begi la vitabu mlangoni.

Bakuli likarudi jikoni. Mama akanipa nilioshe. Lilikuwa limebaki nusu.

Nikataka kumwaga. Akanishika mkono.

"Kombe halimwagwi ovyo. Maliza."

Halafu akageuka kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Nikamaliza. Lina uchungu kidogo na harufu ya waridi. Athumani ana koo la ng'ombe, hawezi kuacha nusu kwa bahati mbaya. Mama ndiye aliyempokonya.

Sijui kama linasaidia. Nimeandika hesabu bila kutetemeka.

Ijumaa, 16 Novemba

Tumemaliza. Jiografia ilikuwa karatasi ya leo, na haikutaka majina. Ilitaka sababu. Kwa nini mvua huku na ukame kule, kwa nini mji umesimama hapa na si pale. Wakariri walitoka wamepauka. Yule wa beseni anasema mtihani ulikuwa na makosa, maswali yote yametoka nje ya kitabu. Nimecheka njia nzima. Athumani hakucheka wala hakulalamika. Alisema alijibu kama anavyonijibu mimi jikoni.

Kesho asubuhi naenda kisimani mwenyewe. Mapatano yamekwisha.

Jumamosi, 15 Desemba

Namba moja. Mimi.

Mwalimu mkuu amesoma majina mbele ya shule. Faraji wa pili. Athumani wa sita, amepita, na wenzake wengine wa barazani wote hawamo. Faraji alijifuta uso kwa kola ya shati. Nilimwona. Nilifurahi.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Baba alikuwa anashona kanzu. Nikamwamkia, nikamwambia. Akasimamisha cherehani.

"Hongera mwanangu. Lakini lile lilikuwa neno la barazani tu."

Nikamwambia aliahidi. Akasema hakuahidi, alisema tutaangalia, na sasa ameshaangalia. Harusi mwezi wa Rajabu. Athumani ndiye atakayekwenda kusoma. Akaendelea na kanzu.

Ningemheshimu kama angekataa tangu mwanzo. Kumbe aliweka sharti kwa kuwa aliamini haliwezekani, na lilipowezekana akalisahau kwa makusudi. Nimemwuliza Athumani, wewe ulikuwepo, baba alisemaje? Anakumbuka tu kwamba watu walicheka. Kila siku anakariri, na neno moja lenye faida hakulishika.

Jumatano, 19 Desemba

Nimefuta mlango wa jiko mwenyewe. Mama alikuwa amesahau kuufuta, au hakutaka.

Ijumaa, 21 Desemba

Naandika kama lilivyotokea.

Baada ya sala baraza ilijaa. Yule mzee wa siku ile akampongeza baba, akamuuliza nasafiri lini. Baba akasema binti anaolewa. Mzee akasema, lakini Fundi Saidi, hapa hapa ulisema vingine. Baba akasema mzee amechanganya, yeye alisema tu kwamba mambo yataangaliwa. Wazee wakaanza kubishana. Huyu anakumbuka hivi, yule vile. Baba akaanza kutabasamu, maana katika ubishi wa namna ile hakuna anayeshinda.

Athumani akasema, "Faraji alikuwepo."

Faraji alikuwa amekaa ukingoni pale pale pa siku zote. Hakuwa na kitabu. Akasimama, akawaamkia wazee mmoja mmoja. Kisha akafumba macho na kuanza kuyumba mbele na nyuma.

Akaanza na swali la mzee. Akaingiza kicheko cha baba mahali pake. Halafu akasema:

"Zuhura akishika namba moja namwachia aende, na kanga za Mapinga nazirudisha kwa mkono wangu mwenyewe, na wallahi hapa mbele yenu sirudi nyuma. Akiwa wa pili, namwoza. Ongeza kahawa, na tangawizi usibane."

Muuza kahawa ndiye aliyedakia kwanza. Alisema ni kweli, tangawizi ilikuwa haba siku ile. Wazee wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu, kisha wakaacha kucheka na kumtazama baba. Yule mzee akasema kwa upole tu kwamba baba alitaja jina la Mungu. Baba alitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano.

Faraji akafumbua macho, akaaga, akaenda zake.

Nimefungua ukurasa wa tarehe 14 Septemba. Kuhusu mkono wake mwenyewe sikuandika. Hata ile "wallahi" sikuiandika. Nilifunga kitabu nikaweka maana, kama ninavyofanya siku zote, na maana peke yake baba angeipinda mpaka Rajabu.

Sijui kwa nini alifanya vile. Hapati faida yoyote. Nimemtoa kwenye nafasi yake, na nilifurahi alipolia. Nilimdharau kwa moyo wangu wote na sasa naona taabu kuacha, kwa sababu bado ni kweli hajui mto unafurika kwa nini.

Jumapili, 23 Desemba

Mama ametoa kanga sandukuni. Zilikuwa hazijafunguliwa mkunjo. Amezifunga kwenye gazeti na kuziweka juu ya cherehani, mahali ambapo baba hawezi kushona bila kuziondoa.

Jumatatu, 24 Desemba

Baba amekwenda Mapinga na lori la asubuhi. Amerudi jioni bila gazeti. Hakula.

Alhamisi, 27 Desemba

Asubuhi debe lilikuwa mlangoni, limejaa. Athumani hayupo, ameshatoka. Sikumwomba.

Barazani hakuna mtu. Likizo. Kimya kile nilichokitaka mwaka mzima, na nimekaa dirishani sijui nikifanyie nini.

Saa nne baba ameniita. Kitambaa cha sare kilikuwa mezani, kipya, kimekunjwa. Hajasema nami tangu Ijumaa. Alichukua futi yake shingoni, akanipima mabega, mkono, kiuno, akamwita mama aje aandike kwa chaki. Alipofika kwenye urefu alipiga goti sakafuni, akashikilia futi kwenye kifundo cha mguu wangu. Nilimwona utosini. Amezeeka.

"Simama wima," akasema.

Nilikuwa nimesimama wima tangu aliponiita.