Nimefungua Nyota

Jumatatu, 3 Machi 2025
Faili imeshuka! Mwanga wa Sirius, nyota nzima, umo ndani ya laptopu yangu hapa Kebirigo. Wanaastronomia wanaugawa bure mtandaoni, nani angejua! Nikabofya. Ikafunguka — alama za kuuliza, herufi za ajabu, takataka tupu. Nikabofya tena kwa hasira. Takataka zilezile. Na wasichana wangu wa klabu ya sayansi nishawaahidi: Jumapili, ukumbi wa kanisa, projekta, nyota ukutani. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia Odoyo, fundi wa kompyuta kule Kisii mjini. Amecheka hadi nikataka kumkatia simu. Kumbe naifungua kwa programu ya kuandikia barua! Ati hiyo si barua wala picha, ni jedwali la namba: rangi za mwanga upande huu, nguvu yake upande ule. Amenitumia programu ya kuzichora. Stima imepotea. Kesho.

Jumatano, 5 Machi
IMEFUNGUKA! Mstari unapanda, unateremka, halafu pwaa — mashimo marefu, yamechongoka. Hapo haidrojeni imemeza mwanga! Ileile ninayochora ubaoni kila muhula, iko huko juu! Nimeruka, nimembusu paka, nimelia kidogo pia. Nikaweka stetasi: "Hatimaye nimefungua nyota! Asante sana Odoyo wa Kisii."

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mama amepiga simu kutoka Ikonge, analia. Odoyo ni nani? "Gesare, umekunywa dawa ama umeogeshwa?" Ndipo nikaisoma stetasi yangu upya. Uwi! Kufungua nyota — maneno yaleyale ya matangazo ya waganga kwenye nguzo za stima! Na mganga nimemshukuru kwa jina! Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kimekatika jioni. Kamati ya kanisa imeiona. Hakuna ukumbi, hakuna projekta, mpaka nijieleze. Wasichana nitawaambia nini?

Ijumaa, 7 Machi
Naandika jikoni, nasubiri chai ichemke. Wamekuja mapema, maana jua likizama Sabato imeingia: Mama, na Mzee Ombati, mwenyekiti wa kamati. Mama kakaa mbali na laptopu, mkoba kifuani. Nikawaonyesha mchoro. Mama akauliza, sasa nyota yenyewe iko wapi? Mzee akamwambia anyamaze, mwalimu afundishe. Akavaa miwani, akafuata mashimo kwa kidole, moja moja. "Mungu ni mkubwa," akasema. Nusura nimkumbatie!

Mama akatoka kupokea simu. Mzee akanifuata hadi mlango wa jikoni, akashusha sauti.

"Mwalimu, hall haina shida. Funguo ni hizi." Ila hajaziachilia. "Lakini huyo Odoyo... si anaweza kunifungulia na yangu? Duka limelala kabisa."

Nimemwambia angoje kidogo, chai iive. Imeiva kitambo. Namsikia akikohoa pale mlangoni, na Mama anarudi.